Umeme Huja Saa Ngapi, na Nani Hubeba Gharama Yake? Hotuba Kuhusu Nishati Jadidifu

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wahandisi, wanafunzi na wageni wote waalikwa,

Nashukuru kwa heshima hii ya kusimama mbele yenu. Nimeombwa nizungumzie vyanzo vya nishati jadidifu, faida zake na kasoro zake, na naomba ruhusa nianze na jambo nililolishuhudia mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha namna ya kuitazama mada hii.

Miaka kadhaa iliyopita nilifika katika zahanati moja iliyofungiwa umeme wa jua. Juu ya paa kulikuwa na paneli nane zilizotunzwa vizuri, na nilipozipima saa sita mchana zilikuwa zikitoa umeme bila hitilafu yoyote. Ndani, hata hivyo, jokofu la chanjo lilikuwa limegeuzwa kabati la mafaili. Muuguzi alinipeleka kwenye chumba kidogo cha nyuma ambamo betri zilikuwa zimepangwa sakafuni: mbili zilikuwa zimevimba ubavuni, vichwa vyake vimeota kutu ya rangi ya kijani iliyopauka, na maji ya betri yalikuwa yamekauka hadi mabamba ya risasi yakaonekana. Aliyetoa msaada alilipia paneli na kazi ya kuzifunga; betri za kubadilisha baada ya miaka michache hazikuwamo katika bajeti ya mtu yeyote. Muuguzi yule aliniambia, "Mchana umeme tunao, lakini kina mama hawajifungui mchana peke yake."

Tangu siku hiyo, kila ninaposikia chanzo fulani cha nishati kikisifiwa, huuliza maswali mawili kabla ya kupiga makofi. Umeme wake huja saa ngapi? Na gharama yake, ile ya fedha na ile isiyohesabiwa kwa fedha, hubebwa na nani? Nitayafuata maswali hayo mawili hadi mwisho wa maneno yangu.

Tukisema nishati jadidifu tunamaanisha nishati inayotokana na chanzo kinachojijaza chenyewe kwa kasi inayolingana na matumizi yetu: jua, upepo, maji yanayotiririka, joto la ardhini, maji ya bahari kujaa na kupwa, pamoja na miti na mimea ikiwa inapandwa upya kadiri inavyokatwa. Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia vilichukua mamilioni ya miaka kutengenezwa, nasi tunavimaliza katika karne chache huku hewa ukaa yake ikibaki angani na kuipasha dunia joto. Nyuklia haitoi hewa ukaa inapofua umeme, lakini urani yake huchimbwa na hairudi, kwa hiyo siiweki katika mazungumzo ya leo.

Msimamo wangu niuseme wazi mapema, ili nitakapozitaja kasoro asiwepo atakayedhani kwamba natetea makaa ya mawe. Naamini kwa dhati kwamba lazima tuhamie kwenye vyanzo hivi, na tuhame haraka. Mwaka 2023 vilitoa takribani asilimia 30 ya umeme wote wa dunia, na mwishoni mwa mwaka huohuo mataifa yaliyokutana Dubai kwenye mkutano wa tabianchi yalikubaliana kujitahidi kuongeza uwezo wake duniani mara tatu ifikapo mwaka 2030. Kwa sababu kazi iliyo mbele yetu ni kubwa kiasi hicho, ndiyo maana nataka tuifanye tukizijua kasoro zake.

Nianze na jua. Seli ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa hadharani mwaka 1954 na watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, nayo iligeuza takribani asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Ilikuwa ghali mno kwa matumizi ya nyumbani, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuendesha redio ya setilaiti ya Vanguard 1, iliyorushwa mwaka 1958. Leo paneli za kawaida hugeuza zaidi ya asilimia 20 ya mwanga, na kati ya mwaka 2010 na 2020 bei yake ilishuka kwa takribani asilimia 90. Zaidi ya bei, umeme wa jua unagawanyika: mtu anaweza kuanza na paneli ndogo ya kuwasha taa mbili na kuchaji simu, akaongeza nyingine kipato kikimruhusu, jambo lisilowezekana kwa bwawa wala kisima cha mvuke.

Watu wengi hudhani kwamba joto kali ndilo linaloleta umeme mwingi, kumbe kinachofua umeme ni mwanga, na joto ni adui wa paneli. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25, paneli ya silikoni hupoteza takribani asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake, hivyo paneli iliyobanwa juu ya bati bila nafasi ya hewa kupita, ikafikia nyuzi 60, huwa imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kazi yake. Kivuli nacho huleta hasara kubwa kuliko ukubwa wake. Seli za paneli huunganishwa mfululizo kama shanga katika uzi mmoja, kwa hiyo jani moja pana likitua juu ya seli moja huzuia mkondo unaotoka kwa nyingine. Watengenezaji huweka daiodi ili mkondo upite kando ya sehemu iliyofunikwa, na hata hivyo theluthi nzima ya paneli huweza kunyamaza kwa sababu ya jani hilo moja. Mara nyingi nimeitwa kutazama mfumo "ulioharibika", nikakuta kwamba kilichohitajika ni ngazi, ndoo ya maji na kitambaa laini.

Ugumu wenyewe wa jua, hata hivyo, upo katika swali la saa. Matumizi ya umeme majumbani hupanda jioni, watu wanaporudi makwao na kuwasha taa, majiko na televisheni, na hiyo ndiyo saa ambayo paneli zinalala. Tunapozungumzia umeme wa jua, basi, tunazungumzia pia namna ya kuuhifadhi. Njia kongwe ni kupandisha maji kwenye bwawa la juu wakati umeme ni mwingi na kuyateremsha wakati umeme ni haba. Njia hiyo imekuwa ghala kubwa la umeme duniani kwa miongo mingi. Huko Ouarzazate, Moroko, vioo hukusanya miale ya jua na kuyeyusha chumvi, na joto la chumvi hiyo huendelea kufua umeme kwa saa kadhaa baada ya jua kutua. Betri za lithiamu nazo zimeshuka bei sana. Mwaka 2017 pale Hornsdale, Australia Kusini, ilifungwa betri ya megawati 100 ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko zote za aina yake, na ikadhihirisha kwamba betri inaweza kuituliza gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme wa nchi, iliyoyumba kwa muda mfupi kuliko mtambo wowote wa kuchoma mafuta.

Lakini betri huzeeka, na nyingine hufa mapema kwa sababu hazikutunzwa. Pale zahanati hatukununua paneli hata moja. Tulinunua betri mpya, tukamfundisha mlinzi kukagua maji yake kila Jumatatu na kuandika katika daftari, na kamati ikakubali kutenga fedha kidogo kila mwezi kwa ajili ya betri zitakazofuata. Jokofu lilirudi kazini. Nikiangalia hesabu yake, naona kwamba daftari la yule mlinzi lilikuwa na thamani kubwa kuliko paneli mbili za ziada.

Kuhusu nani anabeba gharama, tusisahau wachimbaji. Takribani asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu yake hutoka katika mashimo yanayochimbwa kwa mikono, ambako watoto wamekutwa wakifanya kazi. Zipo betri za chuma na fosfati zisizotumia kobalti kabisa, nazo zimeenea haraka, na kwa mifumo inayokaa mahali pamoja, ambako uzito si tatizo, sioni sababu nzuri ya kuchagua aina nyingine.

Sasa maji, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana umeme wa maji ndio mkubwa kuliko jadidifu zote na ndio uliowaumiza watu wengi zaidi. Sifa zake ni za kweli. Mtambo wa maji huwashwa na kuzimwa kwa dakika chache, hudumu kwa miongo mingi, na bwawa lenyewe ni hifadhi, kwani maji yaliyozuiliwa leo ni umeme wa wiki ijayo. Ukiuliza swali la saa, maji hujibu vizuri kuliko jua na upepo: umeme huja tunapoutaka, maadamu maji yapo.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalotutesa. Bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilikamilika mwaka 1959. Novemba 2022 maji yanayoweza kutumika kufua umeme yalishuka chini ya asilimia 5 ya ujazo wake, na nchi zote mbili zikaingia katika mgao wa umeme wa saa nyingi kwa siku. Nchi iliyoegemea maji peke yake imeegemea mvua, na mvua za zama hizi za mabadiliko ya tabianchi haziaminiki tena kama zilivyoaminiwa na wahandisi wa miaka ya hamsini. Kariba inalijibu pia swali langu la pili. Watonga wapatao 57,000 waliokuwa wakiishi katika bonde la Zambezi walihamishwa kupisha ziwa, wakapelekwa kwenye ardhi kavu mbali na mto uliowalisha, na kwa miongo mingi vijiji vyao vingi vilikaa gizani huku nyaya zikipeleka umeme migodini na mijini. Nikiwa mtu niliyesomea umeme na kuupenda, naona haya kila ninapolitaja jambo hili, na nalitaja kwa makusudi. Bwawa la Three Gorges nchini Uchina, lenye megawati 22,500, liliwahamisha watu zaidi ya milioni 1.2.

Mto nao hulipa. Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, liliizuia mafuriko ya kila mwaka ya Nile, likaipa Misri umeme na kilimo cha mwaka mzima. Lakini rutuba iliyokuwa ikishuka na mafuriko sasa hutulia chini ya ziwa, wakulima wakalazimika kununua mbolea, na delta isiyopata tena mashapo mapya inaendelea kuliwa na bahari. Vilevile si kila bwawa ni safi kwa hewa. Mimea iliyozamishwa huoza bila oksijeni na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kwa nguvu kuliko hewa ukaa, na jambo hili ni baya zaidi katika nchi za joto. Linganisheni mabwawa mawili ya Brazili. Itaipu, ambalo Brazili inalimiliki pamoja na Paraguai, lina megawati 14,000 kwa ziwa la takribani kilomita za mraba 1,350. Balbina, katikati ya Amazoni, lilizamisha takribani kilomita za mraba 2,360 za msitu wa nchi tambarare ili kupata megawati 250. Teknolojia ni moja. Kilichotofautisha ni mahali palipochaguliwa, na uamuzi wa mahali hufanywa na watu wachache ofisini kabla wengine wetu hatujaambiwa lolote.

Upepo nitaueleza kwa ufupi zaidi. Nguvu inayopatikana katika upepo hukua kwa mchemraba wa mwendo wake: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Ndiyo sababu kilima kimoja hufaa na kilima cha pili, umbali wa saa moja kwa miguu, hakifai, na ndiyo sababu mtu yeyote anayetaka kujenga bila kupima upepo kwa mwaka mzima anacheza na fedha za watu. Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba hakuna mtambo unaoweza kuchota zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaoupitia, kwa hiyo muuzaji akikuahidi zaidi ya hapo, muage kwa heshima. Upepo huvuma usiku pia, jambo linaloufanya uwe mwenzi mzuri wa jua, na ardhi iliyo chini ya minara huendelea kulimwa na kulishiwa mifugo. Kwa upande wa pili, mapanga ya mitambo yanaua ndege na popo yakijengwa katika njia zao, na mapanga hayohayo, kwa kuwa yametengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, ni shida kuyachakata, na mengi yamekuwa yakifukiwa ardhini.

Kasoro nyingine ya upepo ni kwamba mahali unapovuma sana mara nyingi ni mbali na wanakoishi watu. Mitambo 365 ya mradi wa Ziwa Turkana, Kenya, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini ilisubiri hadi mwaka 2018 kwa kuwa laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuufikisha umeme huo kwenye gridi haikuwa imekamilika. Upepo ulivuma miezi yote hiyo bila kuwasha taa hata moja. Kila anayepanga mradi wa nishati angeanza na ramani ya nyaya.

Jotoardhi ndicho chanzo ambacho swali la saa halikisumbui. Huko Larderello, Italia, mwaka 1904, Piero Ginori Conti alitumia mvuke wa ardhini kuwasha balbu tano. Leo Kenya, iliyoanza pale Olkaria mwaka 1981, hupata takribani asilimia 40 ya umeme wake kutoka kwenye mvuke, mchana na usiku, masika na kiangazi. Lakini joto hilo hufikika kwa urahisi katika maeneo machache tu, kama Bonde la Ufa na nchi za volkano. Kila kisima huchimbwa kilomita moja hadi tatu kwenda chini bila uhakika wa kukuta mvuke, na kisima kikavu hugharimu karibu sawa na kilichofanikiwa. Mvuke nao huisha ukivutwa kwa pupa: katika eneo la The Geysers, Kalifornia, uzalishaji ulishuka mwishoni mwa miaka ya themanini hadi walipoanza kurudisha chini maji taka yaliyosafishwa. Kupenyeza maji kwenye miamba kwa nguvu kunaweza pia kuitikisa ardhi, kama ilivyotokea Basel, Uswisi, mwaka 2006, mradi ukasimamishwa kisha ukafutwa.

Maji ya bahari kujaa na kupwa yana sifa moja ya kupendeza, kwamba saa zake zinajulikana miaka mingi kabla. Kituo cha La Rance, Ufaransa, kimefanya kazi tangu mwaka 1966 kikiwa na megawati 240. Ni pwani chache zenye tofauti ya kutosha kati ya maji kujaa na maji kupwa, na kuziba mlango wa mto huvuruga mazalia ya samaki, hivyo sitarajii makubwa upande huo.

Kuni na mkaa ndivyo vinavyonikera kuliko vyote, kwa sababu katika takwimu huitwa jadidifu na katika jiko huua. Zaidi ya watu bilioni 2 bado hupika kwa kuni, mkaa, kinyesi kikavu au mafuta ya taa, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Wanaouvuta zaidi ni wanawake na watoto waliobebwa mgongoni. Swali la nani anabeba gharama hapa lina jibu la moja kwa moja, na ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote katika vikao vya bajeti. Bayogesi, inayotokana na kinyesi cha mifugo na mabaki ya mimea, huwaka bila moshi na hubakiza mbolea nzuri, lakini mtambo wake hudai maji na samadi kila siku. Nimeona mingi iliyokauka miezi michache baada ya uzinduzi, kwa sababu familia ililazimika kuuza ng'ombe.

Kuna jambo la kihesabu ambalo ningependa kila mmoja wenu aondoke nalo. Tukisikia kwamba mradi una megawati 100, hizo ni megawati za kwenye kibao, yaani kile ambacho mitambo ingetoa ikiwa katika kilele chake. Kwa mwaka mzima, mtambo wa jua kwa kawaida hutoa kati ya asilimia 15 na 25 ya kiasi hicho, upepo wa nchi kavu mara nyingi kati ya 25 na 45, na jotoardhi zaidi ya 80. Hivyo megawati 100 za mvuke huweza kuleta umeme mara nne ya megawati 100 za jua. Tuulize saa-megawati kwa mwaka, yaani umeme unaotolewa kweli, kisha tuulize zitakuja saa ngapi.

Hesabu hiyo inatupeleka kwenye riba. Mtambo wa dizeli ni rahisi kuununua na ghali kuulisha. Jua na upepo ni kinyume chake, kwani karibu gharama yote hulipwa siku ya kwanza. Maana yake ni kwamba mradi uleule, wenye paneli zilezile chini ya jua lilelile, huuza umeme nafuu pale mkopo unapopatikana kwa asilimia 4 na umeme ghali pale unapopatikana kwa asilimia 14. Nchi maskini zenye jua jingi hulipa zaidi kwa sababu ya benki, na naona ni dhuluma ambayo wajumbe wetu kwenye mikutano ya tabianchi wanapaswa kuisema bila kuchoka.

Wapo waliopanga vizuri. Uruguai, ambayo zamani iliumia kila mvua zilipokosekana, ilijenga mitambo mingi ya upepo baada ya mwaka 2008, na katika miaka ya kawaida zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake ni jadidifu. Upepo unapovuma, maji huachwa yapumzike bwawani. Upepo unapotulia, milango ya bwawa hufunguliwa.

La mwisho ni mwisho wa mitambo yenyewe. Paneli huishi takribani miaka 25 hadi 30, na zilizofungwa kwa wingi katika muongo uliopita zitashuka kutoka mapaani karibu kwa pamoja. Vindeby, Denmaki, shamba la kwanza la upepo baharini, lilijengwa mwaka 1991 na likang'olewa mwaka 2017 na kampuni iliyolimiliki. Ninaomba kila mkataba utakaosainiwa na halmashauri, shule au hospitali zenu uwe na kifungu kinachotaja kwa jina nani atabadilisha betri, lini, kwa fedha ipi, na nani atakuja na gari kuchukua zile kuukuu. Rasimu ya kifungu hicho nimekuja nayo, nakala ziko mezani karibu na mlango.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.